Kwa nini "guten Morgen" lakini "gute Nacht"? Viishio vya Kijerumani bila kukariri visanduku 48

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Kijerumani kimekuwa gumzo hata vijiweni. Kwanza zilivuma habari kwamba nafasi 250,000 zinawasubiri Wakenya, hadi wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikajitokeza kukanusha na kusema makubaliano hayo hayana idadi yoyote ndani yake. Walioamua kujaribu hata hivyo wakaenda kusoma lugha, kwa sababu mafunzo ya kazi kwa kawaida hudai kiwango cha B1 (ngazi ya tatu kati ya sita za lugha), na uuguzi B2 (ya nne). Na huko darasani wakakutana na kitu ambacho hakuna wakala aliyewatajia: jedwali la viishio vya vivumishi.

Jedwali lenyewe linatisha kwelikweli. Mistari minne, safu nne, na lote linarudiwa mara tatu. Jumla visanduku 48. Wapo wanaolibandika ukutani na kulisoma kama dua, na wapo wanaoliangalia mara moja wakafunga daftari. Kwa maoni yangu wote wawili wamepewa kazi isiyo ya lazima. Ndani ya visanduku hivyo 48 mna viishio vitano tu, yaani -e, -en, -er, -es na -em, na swali linaloamua kipi kitumike ni moja.

Ushahidi upo kwenye somo la kwanza kabisa. Mwanafunzi anafundishwa kusema Guten Morgen, Guten Tag, Guten Abend. Halafu inafika salamu ya usiku, na ghafla inakuwa Gute Nacht. Ile n imekwenda wapi? Walimu wengi husema "zoeeni tu", kwa kuwa ni siku ya kwanza na hawataki kuwatisha watu. Lakini jibu la swali hilo ndilo somo zima.

Tuanze na majina ya vitu. Nomino ni lile neno linalotaja mtu au kitu: daktari, kijiko, maji. Kivumishi ni neno linaloisifu nomino: mzuri, moto, -dogo. Kijerumani kina aina ya tatu ambayo Kiswahili hakina hasa, nayo ni yale maneno mafupi yanayosimama mbele ya nomino: der, die, das, ein, eine. Hapa nitayaita vibainishi. Hayana uzito wa maana, lakini ndiyo yanayobeba mzigo wote wa sarufi. Kubadilisha maneno haya kulingana na kazi yanayofanya katika sentensi ndiko Wajerumani wanakokuita Deklination.

Ili kibainishi kijue kitavaa umbo gani, kinahitaji taarifa mbili: ngeli ya nomino na hali yake katika sentensi.

Ngeli haipaswi kututia hofu sisi. Anayesema "kitabu kizuri", "vitabu vizuri", "mti mzuri" na "miti mizuri" bila kufikiri hana sababu ya kushangazwa na lugha yenye ngeli tatu na wingi mmoja. Kwa kweli ni Wajerumani waliotangulia kuhangaika na ngeli zetu. Johann Ludwig Krapf, mmisionari kutoka Württemberg aliyeishi Rabai karibu na Mombasa, alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Na zile namba za ngeli za Kibantu ambazo wanaisimu wanazitumia mpaka leo zilianzishwa na Wilhelm Bleek, kisha zikapangwa upya na kuenezwa na Carl Meinhof, wote Wajerumani.

Ngeli za Kijerumani huitwa za kiume, za kike na za kati, na majina hayo yamepotosha watu wengi. Mezani utakuta der Löffel (kijiko), die Gabel (uma) na das Messer (kisu). Kijiko si mwanamume wala uma si mwanamke. Neno das Mädchen, msichana, liko katika ngeli ya kati kwa sababu limeishia na -chen ya udogo, na kila kinachopewa kiishio hicho cha udogo kinaingia huko, kama vile kwetu "kitoto" kinavyoingia kwenye ki-vi ingawa ni mtu tunayemzungumzia. Kwa hiyo usitafute maana, tafuta umbo. Maneno yanayoishia na -ung, -heit, -keit, -schaft na -tion karibu yote ni ya die. Siku na miezi ni ya der. Yaliyobaki hujifunzwa pamoja na kibainishi chake. Usiandike daftarini "Löffel = kijiko", andika "der Löffel". Anayepuuza hilo mwezi wa kwanza hulilipa mwezi wa sita.

Taarifa ya pili, hali, ndiyo ngeni kwetu. Waliosoma Kenya wanakumbuka kiima, shamirisho kipozi na shamirisho kitondo. Waliosoma Tanzania wanakumbuka yambwa tendwa na yambwa tendewa. Katika "Mama amempa mtoto maziwa", mama ni mtenda, maziwa ni kitu kilichotolewa, mtoto ni aliyepewa. Kiswahili kinayaonyesha haya ndani ya kitenzi. Ile -m- ya "amempa" inamtaja mpokeaji, na viambishi kama vya "kumpikia" na "kumletea" vinatangaza kwamba kuna mtu anayefanyiwa. Nomino zenyewe hazibadiliki: mtoto ni mtoto, awe anauma au anaumwa.

Kijerumani hakiweki habari hiyo kwenye kitenzi. Kinaiweka kwenye kibainishi. Mtenda huwa katika hali ya nominativi, kinachotendwa huwa katika akusativi, anayetendewa huwa katika dativi, na mwenye mali huwa katika genitivi. Hivi ndivyo vibainishi vinavyokaa, kwa mpangilio wa kiume, kike, kati na wingi:

Nominativi: der, die, das, die
Akusativi: den, die, das, die
Dativi: dem, der, dem, den
Genitivi: des, der, des, der

Nafasi kumi na sita, lakini maumbo sita tu. Hizi nafasi kumi na sita ndizo pekee ninazokubali kwamba zinafaa kukaririwa, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinatoka humo. Tazama pia kwamba safu ya kike, ya kati na ya wingi hazibadiliki kutoka nominativi hadi akusativi. Ni safu ya kiume peke yake inayobadilika, der kuwa den.

Faida ya mfumo huu inaonekana kwenye sentensi kama Der Hund beißt den Mann, mbwa anamuuma mwanamume. Mjerumani anaweza kuigeuza akasema Den Mann beißt der Hund, na bado mbwa ndiye aliyeuma. Nafasi haikuamua, kibainishi ndicho kilichoamua. Ndiyo maana msomaji anayeangalia tu neno lililotangulia huielewa habari kinyume.

Mara nyingi hali haiamuliwi hata na utendaji, bali na kihusishi kilichotangulia. Baada ya aus, bei, mit (pamoja na), nach, seit, von na zu kinafuata dativi, bila mjadala. Baada ya durch, für, gegen, ohne na um inafuata akusativi. Kuna tisa vinavyokwenda pande zote, vikiwemo in, auf na an: kama kuna mwendo wa kuelekea mahali ni akusativi, kama mtu ametulia mahali ni dativi. Ich gehe in die Küche, naingia jikoni. Ich bin in der Küche, niko jikoni. Kwetu ni "jikoni" kotekote, maana kitenzi kimeshasema kama unaingia au umekaa.

Mtego mmoja upo kwenye vitenzi. Kwa Kiswahili "kumsaidia mgonjwa" hakutofautiani na "kumwona mgonjwa". Kijerumani kinamwona mtu kwa akusativi lakini kinamsaidia kwa dativi: ich sehe den Mann, ich helfe dem Mann. Wenzake wa helfen ni danken, antworten, gratulieren, folgen, gehören na gefallen. Ni wachache, na ni rahisi kuwajifunza kwa majina.

Sasa turudi kwenye vivumishi, na hapa ndipo pa kukaa.

Chukulia kundi linaingia kwenye jengo la ofisi. Mlinzi wa getini ana sharti moja: kila kundi lazima lionyeshe kitambulisho kimoja. Anayetangulia akikitoa, aliye nyuma yake anapita kwa kupunga mkono tu. Anayetangulia asipokuwa nacho, wa nyuma yake lazima atoe chake. Na kama hakuna aliyetangulia, huyo huyo wa nyuma sasa ndiye wa mbele, na mzigo ni wake.

Kitambulisho ni zile herufi za mwisho za der, die, das, den, dem. Kundi ni kibainishi, kivumishi na nomino. Kwa hiyo:

Der gute Arzt, daktari mzuri tunayemjua. Der amejitambulisha: ni wa kiume, ni mtenda. Kivumishi kinapunga mkono kwa -e.

Ein guter Arzt, daktari mzuri fulani. Ein hana kitu mwishoni. Je, ni wa kiume au wa kati? Haijulikani. Basi kivumishi kinatoa -er, ileile ya der.

Das gute Krankenhaus, lakini ein gutes Krankenhaus. Ile s ya das imehamia kwenye kivumishi kwa sababu ein hakuileta.

Mit dem guten Arzt, mit einem guten Arzt. Hapa mwanafunzi anayefikiri kwamba "ein siku zote hubadilisha kivumishi" hukosea. Einem amekuja na kitambulisho chake, ile m, kwa hiyo kivumishi kinapumzika.

Hii ndiyo siri ya jedwali la pili, lile la ein. Kati ya nafasi zake zote, ni tatu tu ambapo ein anakuja mikono mitupu: nominativi ya kiume, nominativi ya kati na akusativi ya kati. Kwingineko jedwali hilo ni nakala ya lile la kwanza, la der. Ndugu zake ein ni kein, mein, dein, sein, ihr, unser na euer, nao wana tabia hiyohiyo.

Linabaki swali la kupunga mkono: lini ni -e, lini ni -en? Jibu ni fupi. Katika umoja, nominativi zote tatu huchukua -e. Akusativi ya kike na ya kati, ambazo hata vibainishi vyake havibadiliki, nazo huchukua -e. Hizo ni nafasi tano. Zilizobaki kumi na moja, pamoja na wingi wote, ni -en. Ukishikwa na wasiwasi katikati ya mtihani na kibainishi kimeshajitambulisha, -en ndiyo kisio lenye nafasi kubwa ya kuwa sahihi.

Jedwali la tatu ni lile lisilo na kibainishi, na watu huliogopa kuliko yote. Ajabu ni kwamba ndilo ulilolianza siku ya kwanza. Guten Morgen ni kifupi cha kumtakia mtu asubuhi njema, na kinachotakiwa huwa katika akusativi. Morgen, Tag na Abend ni za kiume, akusativi yake ni den, kibainishi hakipo, basi ile -en inakaa kwenye kivumishi. Nacht ni ya kike, akusativi yake ni die, kwa hiyo Gute Nacht. Ukiishika hiyo umeshika na nyingine: Vielen Dank na Herzlichen Glückwunsch ni za kiume, Gute Besserung (upone haraka), ambayo muuguzi ataisema kila siku, ni ya kike kwa sababu ya ile -ung, Schönes Wochenende na Herzliches Beileid ni za kati. Hakuna ulilokariri jipya. Ni den, die na das zilizovalishwa kivumishi.

Jikoni ni vivyo hivyo: heißer Tee, heiße Milch, heißes Wasser. Ukiweka mit mbele, dativi inaingia: mit heißem Tee, mit heißer Milch, mit heißem Wasser. Vivumishi vikiwa viwili vinavaa sawa, ein kleiner alter Mann, kama sisi tunavyosema "mzee mfupi mnene" na kila kimoja kikapatana.

Pana sehemu moja ambapo jedwali hili la tatu huonekana kuvunja sheria, nayo ni genitivi ya kiume na ya kati. Ungetarajia -es, lakini Wajerumani wanaandika trotz starken Regens, licha ya mvua kubwa. Angalia mwisho wa nomino: Regens. Nomino yenyewe imeleta s. Kitambulisho kimeshatolewa, ingawa na aliyekuja mwisho, na mlinzi hadai viwili.

Namba na maneno ya idadi yana ujanja wake. Zwei na drei hazina kitambulisho, kwa hiyo zwei kleine Kinder, watoto wawili wadogo. Weka die mbele, na inakuwa die zwei kleinen Kinder. Viele, einige na mehrere Kijerumani kinavichukulia kama vivumishi vya kawaida, viele gute Leute, ilhali alle ni kibainishi kamili, alle guten Leute. Hilo hata walio B2 hulikosea.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kosa kubwa zaidi liko kwingine, tena mahali ambapo hapana kiishio kabisa. Sisi tunasema "daktari mzuri" na pia "daktari ni mzuri", "vitabu vizuri" na pia "vitabu ni vizuri". Upatanisho haumwachi mtu. Kijerumani kinasema der gute Arzt, lakini Der Arzt ist gut. Baada ya vitenzi sein (kuwa), werden (kugeuka kuwa) na bleiben (kubaki) kivumishi kinasimama uchi, kwa ngeli zote, umoja na wingi. Anayetoka kwenye lugha yenye upatanisho mkali kama yetu atasema Die Kinder sind kleine akidhani anafanya adabu. Kivumishi kinabadilika pale tu kinapokuwa mbele ya nomino, ndani ya kundi.

Na kama kwetu "safi", "ghali" na "hodari" havipokei viambishi, Kijerumani nacho kina vyake vya namna hiyo. Rangi lila na rosa katika maandishi sanifu hazichukui kitu: ein lila Kleid. Na majina ya miji yakigeuzwa kuwa vivumishi hubaki na -er milele, hata hali ikibadilika. Ni der Frankfurter Flughafen, na ukiwa umeshatua ni am Frankfurter Flughafen, na -er haisogei.

Nomino zenyewe zinabadilika kidogo sana, na hapa kuna uvumi wa kuondoa. Watu husema Kijerumani kinabadilisha maneno yote. Zamani za kale ni kweli. Katika Kijerumani cha kabla ya karne ya 11, neno tag (siku) lilikuwa na maumbo kama tages, taga na tagum, kila moja na irabu yake. Baadaye irabu za mwisho zikafifia zote zikawa e, tofauti zikapotea, na kazi ya kuonyesha hali ikaangukia vibainishi. Tunachokiona leo kwenye nomino ni mabaki. Zu Hause, nyumbani, bado ina ile e ya dativi ya zamani ambayo kwingine imeshakufa.

Mabaki yenyewe ni matatu. La kwanza ni s ya genitivi kwa nomino za kiume na za kati: des Vaters, des Kindes. La pili ni n ya dativi ya wingi: die Kinder, lakini mit den Kindern. Neno lenye n tayari haliongezewi, na wingi unaoishia na s nao hauongezewi: mit den Autos.

La tatu ndilo linalowahusu zaidi wanaokwenda hospitalini. Lipo kundi la nomino za kiume ambazo huchukua -n au -en kila mahali isipokuwa kwenye nominativi ya umoja. Mfano mkubwa ni der Patient. Mgonjwa anapolala, der Patient schläft. Unapomwosha, ich wasche den Patienten. Unapompa dawa, ich gebe dem Patienten das Medikament. Kitanda chake ni das Bett des Patienten, bila ile s. Anayesema den Patient ataeleweka, lakini wodini sentensi hizi husemwa na kuandikwa kwenye ripoti zamu baada ya zamu, na kosa dogo linalorudiwa huonekana kubwa. Wengine wa kundi hili ni wanaume na wanyama wanaoishia na -e, kama Kollege, Kunde, Junge na Löwe. Maneno ya asili ya nje yenye -ent, -ant na -ist, kama Student, Praktikant na Polizist. Na machache mafupi, kama Mensch, Nachbar na Herr. Ndiyo maana kwenye bahasha huandikwa An Herrn, na wala si kosa la chapa.

Mgonjwa wa kike hana shida hizo. Nomino ya kike katika umoja haibadiliki hata kidogo: die Patientin, der Patientin, basi.

Lipo pia jambo linalofanana sana na la kwetu. Kiswahili kinaweza kuacha nomino na kubaki na kivumishi: "wakubwa wamefika", "wadogo wamelala". Kijerumani kinafanya hivyo na kukiandika kivumishi kwa herufi kubwa, lakini viishio vinabaki vya kivumishi. Mjerumani ni der Deutsche, lakini ein Deutscher. Atakayesaini mkataba wa mafunzo ya kazi ataitwa Auszubildender kama ni mwanamume bila kibainishi, der Auszubildende kikiwepo. Mtu huyohuyo, karatasi ileile, na neno limeandikwa kwa namna mbili. Mlinzi wa getini ndiye anayefafanua.

Tukipitisha kanuni hii kwenye karatasi halisi, utaona inavyofanya kazi. Fomu ya viza ya kukaa muda mrefu imeandikwa juu yake Antrag auf Erteilung eines nationalen Visums, ombi la kupewa viza ya kitaifa. Visum ni ya kati na ipo katika genitivi, maana ni utoaji "wa" viza. Eines imekuja na -es, hivyo nationalen inapunga mkono kwa -en, na Visums inabeba s ya genitivi. Barua pepe ya kuomba kazi huanza na Sehr geehrte Damen und Herren: hakuna kibainishi, ni wingi, die, kwa hiyo -e. Ukijua jina la mpokeaji, Sehr geehrter Herr au Sehr geehrte Frau, der na die. Na mwisho kabisa Mit freundlichen Grüßen, ambayo wengi huinakili bila kuitazama. Mit inadai dativi. Kibainishi cha dativi ya wingi kingekuwa den. Hakipo, hivyo -en imekwenda kwenye freundlichen. Grüße ni wingi, na dativi ya wingi imeiongezea n. Maneno matatu, na sehemu kubwa ya yote tuliyoyasema imo humo.

Wapo wanaosema genitivi imekufa, usijisumbue nayo. Katika maongezi ni kweli imerudi nyuma: mtu atasema das Auto von meinem Bruder kuliko das Auto meines Bruders. Lakini fomu, mikataba, barua za ofisi na magazeti vimejaa genitivi, na mgeni hukutana na karatasi kabla ya kukutana na marafiki. Ijue kwa kusoma hata kama hutaitumia kuongea.

Uvumi mwingine ni kwamba viishio vikikosewa mtihani umekwenda. Katika mtihani wa B1 wa Goethe, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, kila sehemu kati ya nne hupitwa kwa alama 60 kati ya 100, na kwenye uandishi sarufi hupimwa sambamba na kama umejibu ulichoulizwa, kama hoja zako zinashikana, na upana wa msamiati wako. Aliyeandika barua nzima yenye viishio vichache vilivyopinda ana nafasi nzuri kuliko aliyeandika mistari mitatu iliyonyooka. Na kwa mdomo, Wajerumani wenyewe humeza silabi za mwisho, hasa -en, kiasi kwamba einen husikika kama ein'n au hata 'n.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa anayeanza leo ni huu: kwanza nomino pamoja na vibainishi vyake, kisha der kuwa den, kisha mit na wenzake wa dativi, na vivumishi baadaye, kupitia salamu na vyakula, si kupitia jedwali. Genitivi na kundi la Patient vinaweza kusubiri B1, isipokuwa kwa wauguzi, ambao den Patienten wataihitaji kabla hata ya kujua kuagiza kahawa.